Kenya: Muuzaji wa Nembo Bandia Naye Hushtakiwa

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tukitoka zamu huuza viatu na mikoba kujazia mshahara. Tujihadhari. Nchini Kenya, sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008 haimshiki mtengenezaji peke yake. Anayeuza, anayetandaza mezani na anayesafirisha kwa biashara, wote wanaweza kushtakiwa. Kugeuza herufi moja ya nembo si kinga. Kosa la kwanza ni kifungo hadi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja kwa kila kitu, au vyote viwili. Jozi 20 za shilingi 2,000 huzaa faini isiyopungua 120,000. Tajiri wa jumla yuko mbali. Dai risiti: haifuti kosa, lakini humtaja aliyekuuzia.