Injinia na Lugha ya Watu

Mtu apandaye mlima wa Igogo hapa Mwanza huona nyumba zimeshikamana na majabali, wala hapiti gari, ila vijia vya miguu. Katika vilima vya namna hii mamlaka ya maji ya jiji imepitisha mabomba ya maji taka miaka ya karibuni, nayo hayana pa kupita ila katika nyua za watu. Basi kazi ya kwanza ya injinia si kupima mteremko. Ni kubisha hodi, na kumweleza mama mwenye nyumba kwa nini uchafu wa jirani utapita karibu na jiko lake.

Twasema haya kwa sababu ya manung'uniko ya vijana wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wamekuja kujifunza chuma na zege. Ya nini basi Masomo ya Maendeleo, na ya nini masomo ya lugha?

Sharti hilo lina asili yake. Zamani vijana wetu walikwenda Nairobi kusomea uhandisi. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mwaka huo huo ikaanzishwa Taasisi ya Masomo ya Maendeleo, ili kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa mitambo, ajue habari za nchi atakayoitumikia. Wenzao waliopelekwa Urusi walijifunza Kirusi mwaka mzima kabla ya kuanza masomo ya ufundi, wala hawakurudi wajinga wa hesabu.

Twakubali kwamba manung'uniko hayo yana haki kidogo. Somo linalofundishwa kwa umati katika ukumbi mmoja, likajibiwa kwa kukariri, halimjengi mtu. (Nasi katika shule ya misheni tulikaririshwa Kilatini bila kuambiwa tutazungumza na nani.) Lakini uji ukiungua hubadilishwa mpishi, unga haumwagwi.

Tena tazameni ziwa letu. Daraja la Kigongo na Busisi, kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025, limejengwa na makampuni ya Kichina. Meli mpya ya MV Mwanza imeundwa katika bandari ya Mwanza Kusini na makampuni ya Korea. Kijana asiyejua lugha ya mkandarasi humngoja mkalimani, na mkalimani hajui zege. Kichina kinafundishwa katika Taasisi ya Confucius ya Chuo hicho tangu 2013. Sisi twataka kila mwanafunzi wa uhandisi alazimike kusoma lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza.

Na mtihani mmoja ufanywe kwa Kiswahili, kwa mdomo, huku Igogo, mbele ya mjumbe na wenye nyumba. Atakayeshindwa kumfahamisha yule mama bomba litapita wapi, na likiziba amwite nani, na arudie mwaka.