Hesabu ya Pensheni na Pengo la Rika

Katika Mkoa wa Mara neno «rika» lina uzito. Miongoni mwa Wakuria na Wazanaki, tangu zamani, rika la mtu lilieleza wajibu wake na heshima yake katika jamii. Siku hizi limezaliwa rika la namna nyingine, lisilotokana na jando bali na tarehe ya kustaafu.

Tuchukue mfano wa walimu wawili, mmoja wa Musoma na mwingine wa Bunda, wote waliokuwa wanachama wa mfuko wa PSPF. Kila mmoja amefundisha miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara unaotumika katika hesabu yake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, au 12,000,000 kwa mwaka. Tofauti ni moja tu: wa Musoma alistaafu kabla ya Julai 2022, na wa Bunda baada ya Julai 2024.

Pensheni hupatikanaje? Miezi ya utumishi hugawanywa kwa namba maalumu, kisha jibu huzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake huzidishwa kwa idadi fulani ya miaka na kulipwa kwa mkupuo; sehemu iliyobaki hulipwa kila mwezi.

Kwa mwalimu wa Musoma kigawanyo kilikuwa 540, sehemu ya mkupuo asilimia 50, na kizidisho 15.5. Alipata mkupuo wa shilingi 62,000,000, na pensheni ya 333,000 hivi kwa mwezi. Kwa mwalimu wa Bunda kigawanyo ni 580, sehemu ya mkupuo asilimia 40, na kizidisho 12.5. Mkupuo wake ni kama 37,240,000, na pensheni ya mwezi 372,400.

Ni kweli kwamba kila mwezi mwalimu wa Bunda humzidi mwenzake kwa shilingi 39,000 hivi. Lakini ili nyongeza hiyo ifidie upungufu wa mkupuo, bila kuhesabu riba wala kupanda kwa bei, itamlazimu kuishi karibu miaka 53 baada ya kustaafu. Na mkupuo ndio hujenga nyumba, hununua mashine ya kusaga na husomesha watoto.

Mabadiliko haya yana sababu zake. Kabla ya mwaka 1999 watumishi wa Serikali hawakuchangia pensheni yao. PSPF ilipoanzishwa ililipa pia haki za miaka ile isiyochangiwa, na deni likalimbikizana. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikashusha mkupuo hadi asilimia 25. Malalamiko yakawa makubwa, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 kikawekwa kiwango cha asilimia 33, ambacho mwaka 2024 kilipandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50.

Hata hivyo, si kila mfanyakazi aliyepoteza. Wanachama wa NSSF, ambao zamani walipata mkupuo wa asilimia 25, sasa hupata 35. Kwao kizazi cha sasa kimenufaika.

Lakini liko rika la tatu. Kijana wa Butiama anayeendesha bodaboda, au anayevua dagaa ziwani kwa ujira wa siku, hana mwajiri wa kumchangia. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza 15. Kijana huyu akitaka kujiwekea akiba ya uzeeni, hapana budi mchango wote utoke mfukoni mwake.

Ni dhahiri basi kwamba jasho sawa halileti uzee sawa. Mwalimu anayeajiriwa leo akiwa na umri wa miaka 25 atastaafu kwa lazima baada ya miaka 35, na katika muda huo kikokotoo chaweza kubadilika tena. Inampasa aijue hesabu hii mapema, angali na nguvu za kuihoji na muda wa kujiwekea akiba.