Maji ya Ubongo Yanapoingia Kifuani

Ubongo wa mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji kila siku, ingawa yanayokuwamo kichwani na kwenye uti wa mgongo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Mengine hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Njia hiyo ikiziba, maji hujaa na kuukandamiza ubongo. Kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya fuvu bado haijaungana, kichwa hutanuka.

Tiba iliyozoeleka ni shanti: mrija mwembamba wenye vali, unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani, nyuma ya sikio, shingoni na kifuani hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa. Vali zake zina deni kwa wazazi. Mwaka 1956 John Holter, fundi wa Marekani aliyekuwa na mtoto mgonjwa, alitengeneza vali ya silikoni iliyotumika kwa miaka mingi. Baadaye mwandishi Roald Dahl, ambaye mwanawe aliumia kichwa kwa kugongwa na teksi New York mwaka 1960, alishirikiana na mhandisi Stanley Wade na mpasuaji Kenneth Till kubuni nyingine isiyoziba kirahisi.

Lakini vali hudhibiti kasi ya maji, si mahali yanapoishia.

Mara chache, maji hayo huishia kifuani. Hayaingii ndani ya pafu lenyewe. Hukusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu likakosa nafasi ya kutanuka. Wakati mwingine mpasuaji huupeleka mrija huko kwa makusudi, hasa tumbo likiwa na maambukizi au makovu ya upasuaji mwingi. Joseph Ransohoff aliieleza njia hiyo mwaka 1954, na bado inatumika. Kwa watoto wadogo madaktari huiogopa, kwa sababu utando wa kifua chao hauna eneo la kutosha kufyonza maji yote yanayoshuka.

Kinachoshangaza zaidi ni pale mrija uliolengwa tumboni unapoleta maji kifuani. Huenda ulitoboa utando wa kifua tangu siku ya upasuaji, ulipokuwa ukipitishwa juu ya mbavu. Huenda ncha yake ilihama miezi au miaka baadaye na kupenya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Na hata ncha ikibaki mahali pake, tumbo likishindwa kufyonza maji, yanaweza kupanda kupitia vitundu vidogo vya kiwambo.

Hapo ndipo tatizo hili linapodanganya. Shanti inafanya kazi yake, kwa hiyo mtoto anaweza asiumwe kichwa wala asitapike. Anakohoa na kuhema kwa shida tu, na ni rahisi kumpa dawa za nimonia akarudishwa nyumbani. Mzazi asichoke kumwambia kila daktari, hata anayetibu kifua, kwamba mtoto ana shanti. Picha ya eksirei ya kifua huonyesha maji. Ikichukua njia nzima ya mrija, kutoka kichwani hadi tumboni, huonyesha pia ncha ilipo. Maji yaliyovutwa kwa sindano yanaweza kupimwa beta-2 transferini, protini ambayo ikionekana huthibitisha kuwa yametoka kwenye ubongo.

Kuyavuta humpa mtoto pumzi, lakini kwa muda, kwani mrija unaendelea kuleta mengine. Lazima ncha ihamishwe: irudishwe tumboni, au ielekezwe kwenye chumba cha juu cha moyo ikiwa tumbo haliwezi kufyonza. Kwa baadhi ya wagonjwa kuna njia isiyohitaji mrija kabisa. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, Benjamin Warf aliunganisha mbinu mbili: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kutumia kamera nyembamba, na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Watoto wengi waliotibiwa hivyo hawakuhitaji tena kuwekewa shanti.