Uta Huchaguliwa kwa Windo

Kijiji cha Robanda, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kimekaa mahali ambapo mashamba ya watu hukutana na njia ya nyumbu, na Waikoma, wenyeji wake, walisifika tangu zamani kwa maarifa ya uta na mishale, hata mikia ya nyumbu waliowawinda ikawa bidhaa ya kubadilishana na majirani zao Wasukuma. Zama hizo zimepita. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakafuata mwaka 1994, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, kwa silaha iliyotiwa sumu na kwa mitego. Lakini maarifa hayakomi kuwa maarifa kwa sababu matumizi yake yamewekewa mipaka, na mtu wa leo atakaye kuchagua uta wa kisasa, ule wa vipande vinavyofungwa na kufunguliwa, aghalabu huuliza maswali ambayo mafundi wa nchi hii walikwisha kuyajibu kwa mti na mshipa wa mnyama.

Uta ni ghala ya nguvu. Mkono huitia nguvu hiyo polepole wakati wa kuvuta, na upote huitoa mara moja kwa kuusukuma mshale. Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba kitu chenye mnyumbuko hukinza kwa kadiri kinavyonyooshwa, na kanuni hiyo yatosha kutupatia hesabu ya karibu. Tuchukue uta wenye uzito wa mvuto wa ratili 45, yaani nyutoni 200 hivi, ambao upote wake husafiri nusu mita tangu mahali pake pa kutulia hadi kidevuni mwa mpigaji. Kwa kuwa mkinzo huanza na sifuri ukapanda hadi 200, wastani wake ni 100, na akiba iliyomo ni juli 50. Si akiba yote iufikiayo mshale, maana mikono ya uta, yaani sehemu zake mbili zinazopindika, nayo sharti irudi mbele, na mwendo wake hula sehemu ya nguvu. Mshale wa gramu 30 ukijaliwa juli 36 huruka kwa mita 49 hivi kila sekunde.

Hapa ndipo umbo linapoingia. Uta wa mti mmoja ulionyooka huwa mwepesi mwanzo wa kuvutwa, kisha mwishoni huwa mzito ghafula. Uta ambao ncha zake zimepindwa kuelekea mbele, mbali na mpigaji, una tabia nyingine: upote huzilalia ncha hizo unapotulia, na kadiri unavyovutwa huziacha taratibu, hivyo uta hukinza sana mapema na hulainika mwishoni. Mata mawili yenye uzito mmoja wa mwisho yanaweza basi kuwa na akiba mbili tofauti, na ule uliopindwa ncha ndio wenye nyingi zaidi.

Uta wa vipande una shikio la mti au la madini katikati, na mikono miwili inayokazwa kwa skurubu. Mikono yenyewe aghalabu hutengenezwa kwa tabaka za mti au mwanzi zilizofunikwa nyuzi za kioo, ambazo kwa kila gramu huweka nguvu nyingi kuliko mti mtupu. Fadhila yake kubwa ni kubadilika: anayeanza hufunga mikono ya ratili 30 au 35, hujizoeza mpaka mgongo na mabega yake yakaze, kisha hununua mikono mizito bila ya kuliacha shikio alilokwisha kulizoea. Upo pia mfumo wa kufungia uliotokana na kiwanda cha Hoyt cha Marekani na kufuatwa na watengenezaji wengi, hata mkono wa fundi mmoja ukakaa katika shikio la fundi mwingine. Hadhari moja yafaa nchi zenye jua kali kama Mara: gundi ya tabaka huchukia joto, na uta ulioachwa ndani ya gari lililofungwa mchana kutwa waweza kuharibika.

Ratili zilizoandikwa kwenye mkono wa uta hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Mpigaji mwenye mikono mifupi anayevuta inchi 26 hupata pungufu ya ratili nne hivi, na mwenye mikono mirefu hupata ziada. Urefu wa uta nao una hukumu yake: uta mfupi hupita vichakani bila ya kunasa, lakini upote wake hufanya pembe kali inayovifinya vidole, ilhali uta mrefu hutulia mkononi na husamehe makosa madogo.

Mshale ni nusu ya jambo. Upote unapoachwa, mshale hupindika, huuzunguka uta kwa mwendo wa nyoka, kisha hunyooka njiani. Ukiwa mgumu kupita kiasi hukimbilia upande mmoja, ukiwa mlaini kupita kiasi hukimbilia wa pili. Fundi wa zamani aliyekunja wano la mshale kwa vidole vyake kabla ya kulitia manyoya na chembe alikuwa akipima ugumu huo huo ambao leo hupimwa kwa mizani na rula. Na mshale mwepesi mno ni hatari, kwa kuwa nguvu isiyochukuliwa na mshale hubaki mikononi mwa uta na huweza kuuvunja.

Lakini tofauti kuu baina ya uta wa zamani na wa leo imo katika kifo chenyewe. Wawindaji wengi wa Afrika Mashariki walipaka mishale yao sumu iliyopikwa kwa msunguti, mti ambao wataalamu huuita Acokanthera. Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga sumu yake mwaka 1888, ikaitwa wabaini, na sasa yajulikana kwamba huizuia ile pampu ya chembechembe za mwili inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, hata moyo ukapoteza mpangilio wake; Jens Skou wa Denmark aliigundua pampu hiyo mwaka 1957 akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Hata panya mwenye manyoya marefu, Lophiomys, huutafuna mti huo na kujipaka mate yake ubavuni apate kumkimbiza adui, kama walivyoeleza mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, na wenzake.

Mwindaji mwenye sumu hakuhitaji jeraha kubwa. Alihitaji kuifikisha sumu kwenye damu. Kwa hiyo windo lenye ngozi nyembamba liliweza kuuawa kwa uta wa kiasi, ilhali Waliangulu wa pande za Tsavo nchini Kenya, waliowinda ndovu, walitengeneza mata marefu yenye mvuto wa zaidi ya ratili 100, kwa sababu ngozi ya ndovu sharti ipenywe kabla ya sumu kufanya kazi. Mwindaji wa leo, katika nchi ambako kuwinda kwa uta kwa kibali kunaruhusiwa, hana sumu. Chembe yake pana yenye makali sharti ikate mishipa na mapafu, mnyama asiteseke, na kwa hiyo humlazimu uzito wa kutosha, mshale mzito, ukaribu, na mkono usiotetemeka.

Basi mpango wa kuchagua ni huu: kwanza sheria ya nchi, kisha windo au shabaha, kisha mkono wa mpigaji, kisha mshale, na uta uje mwisho. Auanzaye mpango huu kwa uta, akavutiwa na ratili nyingi au shikio la kupendeza, hujinunulia mzigo asioweza kuushika kwa utulivu, na uta usioshikwa kwa utulivu hauna shabaha. Nami naamini kwamba shule za Robanda na vijiji vya jirani zina haki ya kufundisha kani, nishati na mnyumbuko kwa kuweka uta mezani, pamoja na rula na mizani ya kuning'iniza, na shabaha ya majani uwanjani: mwanafunzi akichora mwenyewe mstari wa mkinzo wa uta, ataona kwamba elimu ya Hooke na elimu ya babu zake ni elimu moja, na ataipenda hesabu kwa kuwa imemkuta nyumbani kwao.