Siku ya Mahenge na Haki ya Waliokufa

Kila umma una siku zake, na watu wasio na siku ya kukumbuka ni kama mtu asiyejua jina la babu yake. Lakini siku za ukumbusho ni za namna mbili. Iko siku ipitayo kwa ngoma, bendera na hotuba, na kesho yake watu wakaamka vile vile walivyokuwa. Na iko siku imwachiayo mtu wajibu shingoni. Makala haya yataka kuwauliza ndugu zetu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, na Waislamu wengine popote walipo, ni ipi katika hizi mbili tuitakayo kwa siku zetu wenyewe.

MAFUNZO YA DINI YETU

Katika Sura ya Ibrahim, aya ya 5, twapata khabari ya Nabii Musa (A.S.) alivyoamrishwa kuwatoa watu wake gizani na kuwakumbusha siku za Mwenyezi Mungu. Wafasiri wameeleza kuwa siku hizo ni siku za neema na siku za mateso pia. Basi kukumbuka katika dini hakukuchagua furaha peke yake.

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura. Akauliza sababu yake, akaambiwa kuwa ndiyo siku Mwenyezi Mungu aliyomwokoa Musa na watu wake na dhulma ya Firauni. Akawajuza kuwa Waislamu wana haki zaidi kwa Musa, akaifunga siku ile, na akaamrisha ifungwe. Tazama, msomaji, jinsi tukio la zamani lilivyogeuzwa kuwa ibada, na siku ya kuokoka ikawa siku ya kuacha chakula kwa kushukuru.

Kisha tazama khabari ya tarikh yetu. Abu Musa al-Ashari alimwandikia Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) akilalamika kuwa barua zamfikia hazina tarehe. Na yasimuliwa pia kuwa Sayyidna Umar aliletewa hati ya deni la kulipwa mwezi wa Shaabani, akauliza ni Shaabani ya mwaka gani. Masahaba wakashauriana. Wako waliotaja kuzaliwa kwa Mtume, na wako waliotaja kufa kwake. Mwisho wakakubaliana hesabu ianze na Hijra, iliyokuwa mwaka 622, yaani safari ya watu walioacha nyumba na mali zao kwa ajili ya haki. Basi kalenda yetu ilizaliwa kwa haja ya kazi, ili barua ieleweke na deni lilipwe. Tarehe kwa Mwislamu ni ushahidi wa haki ya mtu, na hilo ndilo tulitakalo liwe kipimo chetu katika khabari ifuatayo.

TAREHE 30 AGOSTI 1905

Wana wa Kilombero wanayo siku ambayo yapasa kila nyumba iijue. Ni Jumatano, tarehe 30 Agosti 1905, mwishoni mwa Mfungo Tisa wa mwaka 1323 wa Hijra.

Mwaka ule watu wa kusini walikuwa wamechoka. Serikali ya Kijerumani ilidai kodi ya fedha, ikawatoa watu kwa nguvu kufanya kazi, na katika wilaya nyingi ikawalazimisha kulima mashamba ya pamba ambayo faida yake hawakuiona. Vita vilianza Umatumbi mwezi wa Julai. Katika mwezi wa Agosti moto ule ulifika bondeni, na kituo cha Wajerumani cha Ifakara kikashambuliwa kikaanguka. Kisha majeshi ya Wapogoro na Wambunga yakaielekea boma ya Mahenge, iliyo mlimani yapata kilomita 70 kutoka Ifakara.

Walikwenda wakiamini kuwa wamekingwa na maji ya dawa yaliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, na kwamba risasi za Mzungu zitageuka maji. Kinjikitile mwenyewe alikwisha nyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, siku 26 kabla yake. Lakini khabari ya maji ilikuwa imekwisha mwacha nyuma mwenye kuianzisha. Ndani ya boma, Kapteni von Hassel na askari wake walikuwa na bunduki za rashasha. Kundi la kwanza likaja, likafagiliwa. Kundi la pili nalo likatokea upande mwingine, likafagiliwa. Waliosalia waliizingira boma kwa siku nyingi, mpaka Kapteni Nigmann alipofika na kikosi chake kutoka Iringa mwezi wa Septemba.

MASUALI MAWILI MAGUMU

Mwislamu akiisoma khabari hii hukutana na masuali mawili, na si vema kuyaruka.

La kwanza ni lile la maji. Sisi twaamini kuwa hapana mwenye kuleta manufaa wala kuzuia madhara ila Mwenyezi Mungu, na dawa ya kugeuza risasi haina mahali katika itikadi yetu. Hilo twalisema waziwazi mbele ya watoto wetu, khasa kwa kuwa biashara ya hirizi na kinga haijafa hata leo. Lakini kukataa dawa si ruhusa ya kuwacheka waliokufa. Mtu aliyenyang'anywa jasho lake, asiye na kadhi wa kumshitakia wala silaha ya kumlingana adui wake, hushika lolote aliloahidiwa. Aibu ya siku ile ni ya aliyedhulumu kabla ya kuwa ya aliyedanganyika.

La pili ni zito zaidi kwetu. Maakida waliowatumikia Wajerumani, waliosimamia kodi na kazi za lazima, wengi wao walikuwa watu wa pwani, na walikuwa Waislamu. Katika askari wa Mdachi nao walikuwamo Waislamu. Basi siku ya Mahenge si siku ambayo Mwislamu aweza kusimama upande mmoja akasema, sisi tulikuwa wenye kudhulumiwa tu. Sura ya Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha tusimame na uadilifu katika kutoa ushahidi, hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Ikiwa amri hiyo yatufunga mbele ya kadhi katika kesi ya mbuzi, vipi isitufunge katika khabari ya maelfu ya roho?

Na tusisahau kuwa wengi wa waliouawa hawakuwa Waislamu. Baada ya vita vile Uislamu ulienea sana katika nchi za kusini, na katika wajukuu wa wale wapiganaji wako leo wengi wanaosali nasi safu moja. Wako wanaouliza, tuna haki gani kwa wale waliotangulia? Jawabu twalipata kwa Mtume (S.A.W.), alipopitiwa na jeneza la Myahudi akasimama, na alipokumbushwa kuwa huyo ni Myahudi, akawarudishia suali, je, hiyo haikuwa nafsi? Heshima ya roho ya mwanadamu, basi, yatulazimu sote, na kuwasemea kweli wafu ni katika heshima hiyo.

WALE WASIO NA TAREHE

Lipo jambo jingine ambalo ukumbusho wa vita huliacha nyuma. Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi. Wajerumani walipoona kuwa wapiganaji wametawanyika porini, walichoma maghala na mashamba, wakachukua mifugo, ili njaa imalize kazi iliyoanzwa na bunduki. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa katika vita vile vyote na njaa yake. Wanachuoni wa tarikh waliokuja baadaye wameona kuwa idadi hiyo ni ndogo mno, na wako waliotaja 250,000 hadi 300,000. Nchi zilizolimwa zikarudi kuwa pori, na ndorobo na wanyama wakatawala walipokaa watu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Songea ina siku yake, tarehe 27 Februari, kwa sababu siku hiyo mwaka 1906 makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa, na hapo pana makumbusho. Mahenge ina tarehe 30 Agosti. Lakini mama aliyekufa njaa na mwanawe mgongoni ana tarehe gani? Njaa haina siku moja. Huja polepole, huingia nyumba hii na ile, na haina kapteni wa kuiandikia taarifa. Kwa hiyo ukumbusho wa tarehe peke yake huwataja wenye mikuki na wenye bunduki, na huwasahau wanawake, wazee na watoto, ambao ndio waliokuwa wengi. Huu ndio upungufu ambao nyumba ya Kiislamu, iliyofunzwa haki ya yatima na mjane, yapasa iutengeneze.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuandike. Mwenye mzee nyumbani na amuulize alichosimuliwa na wazee wake juu ya vita na njaa, na kijana akiandike katika daftari, kwa tarehe ya Hijra na ya Miladi. Zile mbili hazitembei pamoja. Tarehe 30 Agosti 2025, miaka 120 ilipotimia kwa hesabu ya jua, kwa hesabu ya mwezi ilikuwa imepita zaidi ya 123, na siku yenyewe iliangukia Mfungo Sita, mwezi wa mazazi ya Mtume wetu.

Pili, sadaka ya siku hiyo iwe chakula. Bonde la Kilombero ni bonde la mpunga. Kibaba cha mchele kwa mjane wa jirani chawakumbuka waliokufa njaa kuliko hotuba ya saa nzima.

Tatu, ukumbusho uzae kinga. Kwa miaka mingi watu wa Ifakara na Mahenge walivuka mto wa Kilombero kwa kivuko, na mwezi wa Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka mtoni. Mwezi wa Mei 2018 likafunguliwa daraja la urefu wa mita 384, na leo mtu huvuka kwa miguu yake. Daraja lile lamfunza kijana kuwa msiba haukumbukwi kwa machozi tu, bali kwa kuziba njia uliyoingilia. Kadhalika njaa hukumbukwa kwa ghala lililojaa, na dhulma kwa mtumishi wa serikali asiyekula rushwa.

Nne, siku za neema zisisahauliwe. Reli ya TAZARA, ipitayo Ifakara na Mlimba, ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976, na nusu karne yake ni mwaka 2026. Hiyo nayo ni siku ya kushukuru, na ya kuwaombea waliofanya kazi ile ngumu katika mabonde na mahandaki.

Deni la Shaabani lilimfanya Sayyidna Umar aulize ni mwaka gani. Sisi mwaka twaujua, na mwezi twaujua. Lililobaki ni kulipa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kusema kweli juu ya nafsi zetu, awape riziki wenye njaa, na ailinde nchi yetu na dhulma, yetu na ya wengine. Amin.