Ufundishaji wa Hisabati Sekondari: Namna Darasa Moja Linavyoweza Kuwafaa Wanafunzi wa Viwango Tofauti

Hisabati ni somo la lazima kwa wanafunzi wa elimu ya sekondari nchini Tanzania, na ni miongoni mwa masomo ambayo watahiniwa wengi hushindwa kufikia alama 30, kiwango cha chini cha kufaulu katika Mtihani wa Kidato cha Nne. Anayeshindwa somo hili hujifungia milango ya tahasusi nyingi za sayansi na biashara, pamoja na baadhi ya kozi za ufundi.

Chanzo kimojawapo cha hali hiyo ni tofauti kubwa ya msingi waliotoka nao wanafunzi shule ya msingi. Katika mkondo mmoja wa Kidato cha Kwanza huweza kuwapo mwanafunzi anayetatua milinganyo bila shida, akiwa ameketi karibu na mwenzake asiyeweza kujumlisha sehemu. Mwalimu akifundisha kwa kasi moja, wa kwanza huchoka kusubiri na wa pili huachwa nyuma.

Hatua ya kwanza ni kubaini pengo lilipo. Mwanafunzi anayeandika kuwa nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kumwekea alama ya kosa pekee hakumsaidii. Anahitaji kurejeshwa kwenye maana ya asili na Kigawe Kidogo cha Shirika, ndipo aone kuwa jibu ni tano ya sita. Jaribio fupi la maswali machache mwanzoni mwa mada humwonesha mwalimu ni nani anahitaji msaada wa aina hiyo.

Hatua ya pili ni kutoa zoezi moja lenye ngazi kadhaa. Kwa mfano, mfanyabiashara amenunua gunia la mchele la kilo 50 kwa shilingi 120,000 na kuuza kila kilo kwa shilingi 2,800. Katika ngazi ya kwanza, mwanafunzi hutafuta faida, ambayo ni shilingi 20,000. Katika ngazi ya pili, hutafuta asilimia ya faida hiyo, takriban 16.7. Katika ngazi ya tatu, huandika bei ya kilo moja endapo faida itakuwa asilimia p, yaani 2,400 + 24p, kisha huthibitisha kuwa faida ya asilimia 25 hudai bei ya shilingi 3,000. Darasa zima hubaki katika mada moja, na kila mmoja hupata kazi inayolingana na uwezo wake.

Makundi ya wanafunzi hayapaswi kuwa ya kudumu. Aliye dhaifu katika aljebra huweza kuwa hodari katika jometri. Hivyo makundi hupangwa upya kwa kila mada. Kundi linaloitwa la "wasioweza" mwaka mzima huwafanya wanafunzi waliomo waamini jina hilo na kuacha kujaribu.

Suala la lugha nalo halipaswi kupuuzwa. Wanafunzi wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia sekondari. Mwanafunzi huweza kukosa swali la maneno si kwa kutojua kukokotoa, bali kwa kutoelewa kinachoulizwa. Kumtaka aeleze swali kwa maneno yake kabla ya kuanza kulifanya humsaidia mwalimu kutofautisha matatizo hayo mawili.

Mbinu hizi si rahisi katika darasa lenye wanafunzi wengi na kipindi cha dakika 40. Hata hivyo, maswali matatu ya ngazi tofauti yaliyoandikwa ubaoni hayahitaji vifaa vya ziada.

Wazazi na walezi nao wana nafasi yao. Wanashauriwa kukagua madaftari ya watoto wao, kuuliza kosa lilitokea wapi badala ya kuuliza alama pekee, na kuwasiliana na mwalimu wa somo mapema, kabla mwanafunzi hajafikia Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili akiwa na mapengo ya miaka iliyopita.