Gogogo anaumwa? Acha kumwaga dawa tankini!

MBUNA akiumwa hafichi. Rangi inapauka, anajitenga pembeni, chakula hataki. Kasheshe ni gogogo, yule kambale mdogo wa Ziwa Nyasa anayelia ukimshika, ambaye wataalamu wamembatiza Synodontis njassae. Huyu bwana ni msiri. Mzima anashinda chini kajibanza kwenye jiwe, mgonjwa naye anashinda chini vilevile. Ukimwona anapanda juu mara kwa mara kugugumia hewa, jua mambo yameshaharibika.

Mwenye baa mmoja hapa Kyela yalimkuta hayo. Alikuwa na gogogo sita katika tanki zuri kwelikweli, limeoteshwa yale majani marefu kama utepe yanayoota kwenye mchanga wa ziwani. Asubuhi moja akakuta wawili wanaelea, tumbo juu. Washauri wa kijiweni wakamjia na dawa: kiganja cha chumvi na kapsuli za tetrasaiklini. Naye akamwaga vyote!

Nilipofika jioni wamebaki watatu. Maji mazito, majani yameanza kuyeyuka, na sharubu za gogogo zimeliwa zikabaki vishina.

Msomaji wangu, sharubu ndizo zinazosema ukweli. Gogogo anatafuta chakula kwa kupapasa mchanga, kwa hiyo uchafu ukijaa chini, sharubu ndizo za kwanza kuoza. Tuliwatoa samaki, nikazamisha mpira mchangani na kuunyonya. Lo! Likatoka tope jeusi linalonuka yai viza. Kumbe kila siku walikuwa wanamwagiwa usipa wa kusaga, nusu inaliwa, nusu inazama na kuozea chini kusiko na hewa. Hata ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 700 hivi, ukishuka kupita mita 250 hakuna oksijeni, na samaki hawaishi huko. Jamaa alikuwa amewatengenezea wageni wake kilindi ndani ya kioo.

Na zile kapsuli? Tetrasaiklini haichagui. Inaua bakteria wabaya pamoja na wale wazuri wanaovunja sumu ya kinyesi cha samaki. Bakteria wazuri wakifa amonia inapanda, na anayebaki anamaliziwa na dawa yenyewe. Chumvi nayo, gogogo hana magamba ya kumkinga, na majani mengi hayaipendi.

Tulichofanya ni hiki. Wagonjwa tuliwahamishia kwenye beseni kubwa la plastiki, pampu ya hewa ikiwashwa, na kigae cha chungu cha Ikombe kimefunikwa wapate pa kujificha (akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu vile sidhani kama waliwahi kufikiria hospitali ya samaki). Siku mbili hakuna chakula. Kila siku tukabadilisha robo ya maji, kwa maji yaliyolala ndoo usiku kucha. Watu wa Kyela tuna mvua ya kutosha, lakini usijaze maji ya mvua matupu. Ni laini mno, wakati samaki wa Nyasa wamezoea pH ya 8 hivi.

Wawili walipona bila kidonge hata kimoja. Baada ya wiki chache sharubu zikaanza kuchomoza tena.

Ila kuna ugonjwa usiotibika kwa usafi peke yake, nao ni madoa meupe kama chembe za chumvi. Hicho ni kidudu. Kinanenepa kwenye ngozi ya samaki, kinadondoka, kinazaliana chini, halafu watoto wake wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa inawaua wakati huo wa kuogelea tu, ndiyo maana ukitibu siku moja ukaacha, wanarudi. Mimi napenda njia ya kuwahamisha samaki wote na kuwatibu nje, nusu ya kipimo kwa wasio na magamba. Tanki na majani yake uliache bila samaki wiki mbili, maji yakiwa nyuzi 28 hivi. Kidudu kikikosa wa kumganda kinakufa. Dawa zenye shaba usiziguse kabisa: zinachoma majani, zinaua konokono, na gogogo ataondoka nao.

Mbuna akivimba tumbo ni kesi nyingine. Yule ni mla mwani wa kwenye mawe, utumbo wake mrefu, vyakula vizito vinamsumbua. Mpunguzie usipa.

Maji ya wagonjwa yamwage bustanini, kwenye migomba. Usiyapeleke Mbaka wala Kiwira, na samaki wa dukani aliyeugua usimwachie ziwani kwa huruma. Mito yote hiyo inaingia Nyasa, na Nyasa ina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine kokote duniani. Huko, bwana, hakuna beseni la kuwahamishia.